Safari ya Marekani Tuliyoipanga Greyville

Sijawahi kufika Marekani, lakini ukiniuliza nitakuambia mwezi gani ni mzuri kwenda kuliona Korongo Kuu kabla jua halijawa kali, na kwamba kwenye maporomoko ya Niagara utalowa hata wakikupa koti la mvua. Nitakuambia pia kwamba anayetaka kuyaona yale maporomoko vizuri zaidi inabidi avuke aende upande wa Kanada. Jambo hilo lilimuudhi sana mke wangu. Alisema haiwezekani mtu awe na maporomoko kwake halafu jirani ndiye ayaone vizuri. Nikamwambia mbona mambo mengi ya dunia ndivyo yalivyo, akaninunia mpaka chakula cha jioni.

Haya yote niliyajua nikiwa Greyville, Durban, ghorofa ya tatu, katika chumba kimoja na nusu tulichokaa watu wanne. Ile nusu ilikuwa kipande cha sebule tulichokitenga kwa pazia, maana sebule tuligawana na familia nyingine ya Warundi. Dirisha letu lilitazama uwanja wa mbio za farasi. Nyumbani Burundi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Durban nilikuwa mlinzi wa magari. Kila asubuhi nilipanda taxi, zile daladala za huko, hadi Westville, nikavaa fulana ya njano inayong'aa, nikasimama kwenye maegesho ya maduka nikiwaelekeza watu wenye macho yao namna ya kurudi nyuma. Sitasema niliipenda kazi hiyo. Mke wangu alishona katika kiwanda cha nguo kule Pinetown, na jioni alirudi na vipande vya nyuzi kwenye nywele. Tulikuwa na mabinti wawili. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na mmoja mwaka 2008. Mdogo alizaliwa hapohapo Durban, na mwaka huo alikuwa bado anajifunza kutembea bila kushika ukuta.

Huyo mkubwa hatukumzaa sisi. Afadhali niseme mapema, maana ndilo jambo lenyewe. Ni mtoto wa kaka yangu. Kaka yangu na mkewe waliuawa vitani katika wiki moja, na mimi nikambeba mtoto mgongoni hadi Tanzania akiwa na mwaka mmoja na meno sita. Kambini karani aliniuliza tuko wangapi. Nikamjibu watatu: mimi, mke wangu, na mtoto wetu. Kwetu baba mdogo ni baba. Mtoto wa kaka yako akibaki mikononi mwako haitwi yatima, na anayemwita hivyo mbele yako anatafuta ugomvi. Karani akaandika alichosikia. Karatasi ile ikazaa karatasi nyingine, na kila tulipofika ofisi mpya, kupitia Msumbiji mpaka Durban, alikuwa binti yetu kwa maandishi. Yeye mwenyewe hatukuwahi kumwambia. Tulisema tungoje akue, na kila mwaka tukaona bado hajakua vya kutosha.

Mwaka 2008 wageni walipoanza kupigwa na kufukuzwa kwenye nyumba zao, tulikaa wiki mbili tumejifungia, jirani yetu Mzulu akitununulia mkate. Mambo yalipotulia nilikwenda kwenye shirika la wakimbizi nikaomba tupelekwe nchi nyingine. Baada ya miezi mingi wakatuambia faili letu limepelekwa kwa Wamarekani, tungoje. Kungoja tulikuwa tumekuzoea. Kipya kilikuwa kungoja kitu chenye jina.

Halafu kikaja kitabu. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa chuo kikuu, mama wa makamo, ambaye kila alipoegesha gari alinisalimia kwanza kabla ya kutazama kama nalilinda. Alipokuwa anahamia Cape Town alinipa maboksi mawili ya vitabu, akisema mwalimu hakosi kuvipatia matumizi. Vingi vilikuwa vya mapishi. Kimoja kilikuwa kikubwa, kizito, chenye picha za rangi: vivutio vya kutembelea Marekani, jimbo kwa jimbo, pamoja na ramani ya kukunjua mwishoni. Nilikipeleka nyumbani nikidhani tutakitumia kuegemezea mlango. Binti yetu mkubwa alikichukua kwa mikono miwili na hakunirudishia tena.

Alikifanya kazi ya ofisi. Alinunua daftari, akalipiga mistari, akatoa sheria: kila mtu katika nyumba atachagua mahali pamoja, ataeleza sababu, na hakuna ruhusa ya kucheka chaguo la mwenzake. Yeye ndiye angetafuta barabara ya kuunganisha mahali pote panne. Alichagua Korongo Kuu, kwa sababu kitabu kilisema ukisimama ukingoni unaona umri wa dunia ukutani, tabaka juu ya tabaka, la zamani likiwa chini kabisa. Nikamuuliza mtu atapandaje ndege akaangalie shimo, na sisi kwetu kila masika hutuletea makorongo mapya bila kiingilio. Aliniangalia kwa huzuni ya mkuu wa shule. "Papa, umevunja sheria siku ya kwanza," akasema, na akaiandika kwenye daftari.

Mke wangu alichagua Niagara, pamoja na hasira zake zote. Sababu yake ilinigusa, ingawa sikumwambia. Alizaliwa Rutana, nusu siku kwa miguu kutoka maporomoko ya Karera, na hakuwahi kuyaona. Wageni walikuja na magari, wakauliza njia, na yeye na dada zake waliinua majembe wakawaonyesha. Haikuwapitia akilini kwamba na wao wanaweza kwenda. Mtu aliyekwenda kutazama maji yanaanguka bila kuchota angeambiwa hana kazi. Sasa alitaka, walau mara moja, kuwa yeye ndiye anayeuliza njia.

Mdogo, alipoanza kusema vizuri, alichagua ile miti mikubwa ya California, hasa mmoja uliotobolewa shinani mpaka gari linapita katikati. Mimi niligoma kuchagua karibu mwaka mzima. Nilisema watu wazima hawapangi safari kwa kutumia faili lililo mezani kwa mtu mwingine. Mwishowe nikachagua ile chemchemi ya maji ya moto ya Yellowstone, inayoruka juu kwa saa zake, wakaweka na ubao wa kuwatangazia watu itaruka saa ngapi. Nilimwambia binti yangu kwamba katika kitabu kile chote ndicho kitu pekee kinachotimiza miadi, na mimi nimekaa kwenye foleni za kutosha kukiheshimu kitu cha namna hiyo. Aliandika sababu yangu neno kwa neno.

Umbali aliupima kwa uzi. Mama yake akirudi kutoka Pinetown, yeye alimchambua nyuzi kichwani, akazifunga pamoja, akazilaza juu ya ramani kufuata barabara, kisha akanyoosha na kupima kwa rula. Aligundua kwamba kutoka kwenye maporomoko ya mama hadi kwenye mti wa mdogo wake ni mbali kuliko kutoka Durban hadi Bujumbura, nchi moja tu hiyo. Kesho yake akatangaza kwamba safari itafanywa kwa awamu, kila mwaka mahali pamoja, na kwamba tutaanza na wazee. Wazee walikuwa mimi na mama yake, tusio na miaka arobaini.

Kila mwaka watu wetu wachache walikuwa wakipata safari, na sifa za kitabu zilienea kanisani. Walioambiwa wanakwenda walikuja nyumbani kwetu baada ya ibada. Wanakaa, wanakunywa chai, halafu baba wa familia anakohoa na kusema, "Sisi banatupeleka Ohio. Huko iko nini?" Binti yangu anafungua ukurasa, anawaeleza: kuna hiki, kuna kile, msikose kukiona. Familia moja aliyoipangia ziara ya Iowa ilipiga simu baada ya miezi mitano. Walisema kwamba hadi siku hiyo wameona kiwanda cha nyama na theluji. Binti yangu aliuliza theluji ilikuwaje. Wakamwambia ikishakuwa chafu inafanana na kitu chochote kichafu. Hiyo hakuiandika.

Mwaka wa Kombe la Dunia Durban ilijaa watalii, na Mmarekani mmoja aliegesha gari kwenye eneo langu. Nilimuuliza anatoka jimbo gani. Akasema Arizona. Nikayasahau magari mengine, maana Korongo Kuu liko huko. Nikamuuliza likoje. Akacheka, akasema amezaliwa mwendo wa saa tatu kutoka pale na hajawahi kufika, siku zote alidhani atakwenda tu. Nilimweleza mambo mawili matatu aliyokuwa hayajui kuhusu shimo lake. Jioni nilipoisimulia habari hiyo nyumbani, mke wangu alicheka hadi akashika mbavu. Alisema kumbe na huko kuna watu wa Rutana. Nikikumbuka miaka ile, jioni hiyo ndiyo ninayoitamani zaidi.

Tuliitwa kwenye usaili mwaka 2011. Tuliingia chumbani wote wanne, tumevaa nguo za Pasaka. Nyuma ya meza alikaa mama mmoja wa Kimarekani mwenye sauti ya upole, na pembeni yake mkalimani, kijana wa Kitanzania mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Yule mama alituuliza kuhusu vita, kuhusu kambi, kuhusu Durban. Alimuuliza binti yangu anajua nini kuhusu Marekani, na binti yangu akamjibu kwa Kiingereza kwa dakika nyingi, kutoka Niagara hadi kwenye miti, mpaka yule mama akaweka kalamu chini akasikiliza. Nilijivuna. Nakiri, nilijivuna kama mtu aliyeijenga Marekani mwenyewe.

Kisha akauliza kuhusu watoto. Wepi kati ya hawa tuliwazaa wenyewe? Mkalimani alilitafsiri vizuri, siwezi kumlaumu. Binti yangu alikuwa amekaa kulia kwangu, magoti yamegusana na yangu, bado anahema kwa furaha ya kujibu vizuri. Mke wangu akatazama viatu vyake. Nikasema wote wawili.

Yule mama akasema, kupitia kwa mkalimani, kwamba familia nyingi zinalea watoto wa ndugu, kwamba jambo hilo si kosa na haliharibu kitu, ila linatakiwa lisemwe leo, hapa, kwa sababu likija kuonekana baadaye litakuwa jambo lingine. Akauliza tena.

Mpaka leo naipima dakika ile. Ningeweza kuomba watoto watoke nje. Mtu anapata wazo hilo akishafika nyumbani. Lakini nilihisi goti la mtoto kwenye goti langu, na nikaona kwamba nikisema ndiyo, huyu ni wa kaka yangu, basi nitakuwa nimemuua kaka yangu mbele ya mtoto wake na kujiua na mimi, kwa pigo moja, mbele ya mgeni anayeandika. Nikasema wa kwangu, wa damu yangu. Nikatia sahihi.

Waliposema watatufuta mate mashavuni kwa pamba ili yapimwe, mke wangu alinikaba tulipofika kwenye ngazi. Akauliza itakuwaje. Nikamtuliza. Hapa ndipo watu husema mwalimu mzima, tena aliyewafundisha watoto sayansi, na wana haki. Niliamini kwa dhati kwamba kipimo kitaona damu ya ukoo wetu na kuridhika. Mimi na kaka yangu tumelala tumbo moja. Mtoto wake ana damu ileile ninayotembea nayo. Na mama je, akauliza. Nikamwambia watampima baba tu, mtoto ni wa ukoo wa baba, mama yeye anaongezea maziwa. Ndivyo nilivyofundishwa na baba yangu, na baba yangu alifundishwa na wake. Wamarekani hawakuwa wameketi nasi siku hiyo.

Barua ilikuja mwaka 2012, Jumamosi, saa nane mchana. Kwetu barua za Kiingereza alizisoma binti yetu mkubwa. Ilikuwa hivyo tangu akiwa na miaka tisa, kama ilivyo katika nyumba nyingi za wakimbizi: bili, shule, hospitali, vyote vilipita kinywani mwake kabla ya kutufikia. Alikuwa na namna yake. Alisimama karibu na dirisha, akasoma sentensi kwa Kiingereza, kisha akaigeuza Kiswahili, kisha akatutazama kuona kama tumeelewa. Siku hiyo alikuwa amepanga hata daftari mezani, ili tukishajua jimbo aanze kupima.

Alisoma salamu. Alisoma namba ya faili. Alisoma kwamba maombi yetu yamechunguzwa kwa makini. Halafu akasoma kwamba vipimo vimeonyesha kuwa mwombaji na mke wake si wazazi wa mtu aliyeandikwa namba tatu. Aliigeuza Kiswahili vizuri kabisa, bila kukwama, kama alivyogeuza bili za umeme. Kisha niliona kidole chake kikipanda juu ya karatasi hadi kwenye orodha ya majina, kikashuka polepole. Moja. Mbili.

"Namba tatu ni miye," akasema.

Mdogo alikuwa chini ya meza na kikombe cha plastiki. Mimi, na hili ndilo siwezi kujisamehe, nilimwambia aendelee kusoma. Nilisema kwa sauti ya darasani, ile kali. Sijui nilitaka nini. Labda niliona kwamba akiendelea kusoma, dakika ile haitakuwa imefika. Na yeye, kwa kuwa tulimlea kutii, akaendelea. Alisoma kwamba tumetoa maelezo yasiyo ya kweli baada ya kuonywa. Alisoma kwamba faili limefungwa na uamuzi hautapitiwa upya. Alisoma hadi jina la aliyetia sahihi na cheo chake. Akakunja barua kwa mikunjo yake ileile, akaiweka mezani, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Mke wangu ndiye aliyemwambia mengine, jikoni, mimi nikiwa upande wa pili wa pazia kama mgeni aliyekuja kuazima chumvi. Nilisikia anavyomtajia mama yake aliyemzaa, kijiji, wiki ile. Sikusikia kilio. Ningesikia ningeingia.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka kumi na minne, na niliipita yote nikidhani niko kwenye barabara kuu. Mke wangu alinisema mara moja tu, wiki hiyo, akiwa anakunja nguo. "Yule mama alikufungulia mlango kabisa. Wewe ukasimama palepale." Nilimfokea, nikamuuliza na yeye mbona aliangalia viatu. Aliendelea kukunja nguo, na nilistahili zaidi ya hapo.

Kwa desturi yetu mtu mzima huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Warundi wote wa Durban walioniamkia, kanisani, sokoni, kwenye robot, zile taa za barabarani, nikisubiri kuvuka, waliniita baba wa binti yule. Waliendelea kuniita hivyo, hawakujua kitu. Yeye aliyekuwa na jina lenyewe ndiye aliyeacha kuniita. Hakuwa mkorofi. Alinitengea chakula, alinipigia shati pasi. Lakini kwetu huwezi kumsemesha mkubwa bila kumpa cheo chake, na yeye alikuwa hajui anipe kipi, basi akatafuta njia za kuishi bila kunisemesha. Alimtuma mdogo wake: kamwambie chai iko tayari. Akihitaji sahihi ya shule aliiweka karatasi chini ya kikombe changu. Kwenye fomu moja, pale panapouliza mlezi ni nani kwa mwanafunzi, nilikuta ameandika kwa Kiingereza kwamba ni ndugu wa baba. Nilimwita nikafoka. Nilimuuliza nani aliyemlisha, nani aliyemvusha mto akiwa na homa. Alisimama wima akasikiliza hadi mwisho. Akasema, bila kuniita kwa jina lolote, kwamba ameandika ukweli ili safari hii tusipate shida tena.

Hakuwa ananidharau. Alikuwa anatulinda. Niliondoka nikakaa kwenye ngazi za jengo mpaka hasira ikageuka kuwa huzuni, ninayoijua vizuri zaidi. Tunasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, nami nilikuwa nimeutumia usemi ule maisha yangu yote kama cheti. Kumbe cheti lazima kiwe na mtu wa kukipokea.

Likizo ya Juni alikuja Westville peke yake. Nilimwona anashuka kwenye taxi upande wa pili wa barabara, ana miaka kumi na mitano, mrefu kuliko mama yake, amebeba chakula changu nilichokisahau. Nadhani mke wangu alikificha makusudi. Alingoja nimalize kuelekeza gari, kisha akaketi kwenye ukingo wa lami, nami nikaketi, tukiwa na nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Nilikula kwa sababu sikujua la kufanya na mikono.

Akauliza kaka yangu angechagua wapi.

Sikuelewa mara moja. Akasema Marekani, kama na yeye angekuwa anachagua mahali. Nilitaka kumjibu kitu kizuri. Nilitaka kusema angechagua Korongo Kuu kama yeye. Lakini uongo ulikuwa umetugharimu vya kutosha. Nikamwambia kaka yangu alikuwa mvivu wa kutembea kuliko watu wote niliowahi kuwajua. Mama yetu akimtuma sokoni, alimlipa mtoto wa jirani kwa mua ili aende badala yake. Alipenda redio na kivuli. Angesema nendeni, mkirudi mnisimulie, halafu katikati ya masimulizi angelala. Alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, cha kwanza tangu ile Jumamosi, na mimi nikaongeza habari: jinsi alivyoimba vibaya, jinsi alivyoketi chini kabisa kila alipompakata yeye akiwa mchanga, kwa kuogopa kumwangusha, jinsi alivyomwambia kila mtu kwamba ana masikio ya ukoo. Alikuwa anasikiliza mdomo wazi. Sikuwahi kumsimulia habari za kaka yangu, kwa miaka kumi na minne. Nilikuwa nimemnyang'anya mtu wa kuchekesha namna ile.

Akauliza kama kuna picha. Hapakuwa na picha, nyumba iliungua na vyote. Akauliza alifanana na nani.

"Na mimi," nikasema. "Sokoni watu walituchanganya. Walinidai madeni yake."

Alisimama, akaja mbele yangu. Kisha akafanya jambo ambalo kwetu mtoto hamfanyii mkubwa: alinivua kofia. Akaishika kifuani, akainama kidogo, akaanza kunitazama. Alianzia kwenye paji la uso, akashuka kwenye nyusi, akaenda kwenye sikio moja na kurudi kwenye la pili, akakaa muda mrefu kwenye mdomo. Nimetazamwa na yule mtoto tangu akiwa na meno sita, najua anavyonitazama. Siku ile hakuwa ananitazama mimi. Gari liliwasha taa nyuma yangu, dereva akapiga honi apate kuelekezwa. Sikusogea. Nilijua nikisogea ataniona, na alikuwa bado hajamaliza.

Alipomaliza alinivisha kofia mwenyewe, akainyoosha.

"Asante, baba mdogo," akasema.

Ndilo jina sahihi, na hakulisema kwa ubaya. Nikaitika.